Baiskeli ya Kenga, Safari za Nyevu

Mwaka wa 1984, mtu anayekaa kando ya barabara ya Ganda angeweza kuwaona mume na mke wa nyumba moja wakienda mji mmoja, asubuhi moja, na wasiwe pamoja.

Mke alikuwa Nyevu. Alitoka nyumbani kwake Kakuyuni saa kumi alfajiri, kikapu cha nyanya kichwani na fungu la mchicha juu yake, akashika njia ya Malindi kwa miguu. Ni kama maili kumi. Mume wake, Kenga wa Thoya, aliondoka saa kumi na mbili, akishakunywa chai, juu ya baiskeli yake nyeusi, panga lake limefungwa kwa mpira kwenye keria. Kenga alikuwa mkwezi. Mahoteli ya ufuoni yalimwita akwee minazi na kuziangusha nazi kabla hazijawaangukia wageni waliolala chini juani. Kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, siku za soko la Nyevu, alimfikia mkewe mbele kidogo ya Ganda. Alipiga kengele mara mbili. Nyevu aliinua mkono mmoja bila kugeuza shingo, maana kikapu hakikumruhusu. Kenga akapita.

Hakuna aliyeona ajabu, na Nyevu mwenyewe hakuona ajabu. Baiskeli zilikuwa nyingi Kakuyuni, na zote zilikuwa za wanaume. Basi la asubuhi lilikuwapo, lakini kondakta alisema kikapu kile kinakula nafasi ya watu wawili, akawaacha wanawake wa mboga wamesimama kwenye vumbi. Isitoshe, safari ya Kenga ilikuwa nyoofu: nyumbani hadi kazini, kazini hadi nyumbani. Safari ya Nyevu ilikuwa na matawi. Akitoka sokoni alipitia kwenye kinu na mahindi, akapitia zahanati kuchukua dawa ya kifua ya mavyaa wake, mama yake Kenga, akapitia kisimani, na kuni aliziokota njiani akirudi. Mtu hawezi kupanda basi mara tano kwa siku moja.

Walipendana, hilo lisemwe mapema. Kenga hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini hakuwahi kumwinulia mkewe sauti, na akipewa dafu zuri hotelini alilileta nyumbani bila kulitoboa. Walikuwa na watoto watatu, mkubwa akiitwa Thoya kwa jina la babu yake, ndiyo maana wao wenyewe waliitana baba Thoya na mama Thoya.

Mwezi wa Februari, mwaka wa 1985, Kenga alianguka. Hakuwa amelewa wala mnazi haukuwa mrefu. Mguu uliteleza kwenye kata la kukanyagia lililochongwa shinani, lililolowa mvua, akashuka kama gunia. Alivunjika mfupa wa paja.

Nyevu alimkuta hospitali ya Malindi amelazwa katika wodi ya wanaume, mguu umefungwa kwa kamba iliyopita juu ya gurudumu dogo, na mwisho wa kamba vyuma vizito vikining'inia. Muuguzi wa wodi, mwanamke wa Kisii aliyeitwa sista Nyaboke, alimweleza bila kumzungusha.

"Mama, huyu atalala hivi miezi miwili na zaidi. Mfupa wa paja hauna haraka. Wewe utakuwa ukija?"

"Nitakuja kila siku," Nyevu akasema.

"Unatoka wapi?"

"Kakuyuni."

Sista Nyaboke alimtazama miguuni.

Wiki tatu Nyevu alikwenda na kurudi kwa miguu kila siku. Alimpelekea Kenga ugali na mboga ya mchunga, akauza kidogo alichoweza kuuza, akarudi. Baiskeli, ambayo mkwezi mwenzake Kenga aliirudisha kutoka hotelini, iliegemea ukuta wa nyumba ikishika vumbi.

Siku moja akakuta Dzombo, mdogo wake Kenga, anaipiga pampu.

"Shemeji, naichukua," Dzombo akasema. "Chombo kikikaa bila mwanamume kinaharibika. Mipira inakauka."

Nyevu alikuwa amefika wakati huo huo, kanga imelowa jasho, ukucha wa kidole gumba cha mguu umeng'oka nusu. Hakujua atasema nini mpaka alipokuwa ameshasema.

"Iache, shemeji. Nitaipanda mimi."

Dzombo alicheka, kisha akaona kuwa hakutaniwa. "Utaipandaje?"

"Sijui bado."

"Nitamuuliza kaka."

"Kamuulize."

Dzombo alikwenda kweli kesho yake, lakini Nyevu alikuwa ametangulia. Kenga alimsikiliza mkewe kwanza, kisha akamsikiliza ndugu yake, huku macho yake yakiwa kwenye sakafu, pale Nyevu alipokaa akiwa amenyoosha miguu kwa uchovu. Nyayo zilikuwa zimepasuka kama udongo wa kiangazi. Kidole kilikuwa kimefungwa kitambaa. Kwa miaka kumi na sita Kenga alikuwa ameiona miguu ile kwa nyuma tu, kutoka juu ya baiskeli, ikitembea.

"Dzombo," akasema, "baiskeli iko kwa mama Thoya. Ukiitaka, muombe yeye."

Dzombo akaondoka bila kunywa maji. Walipobaki wawili, Kenga akasema polepole, "Nilikuwa nakupita pale Ganda."

"Ulikuwa ukipiga kengele."

"Nilikuwa nakusalimu."

"Nilijua," Nyevu akasema.

Hivyo ndivyo mafunzo yalivyoanza, nayo yalikuwa mafunzo ya namna yake, maana mwalimu alikuwa kitandani na baiskeli ilikuwa maili kumi mbali. Kenga alieleza kwa mdomo na mikono. Nyevu alisikiliza, akarudi nyumbani, na jioni, jua likipungua makali, aliikokota baiskeli mpaka uwanja wa shule akajaribu yale aliyoambiwa. Asubuhi alirudi wodini na majibu.

"Nimeanguka upande wa kulia mara nne."

"Ulikuwa ukitazama wapi?"

"Gurudumu."

"Usilitazame gurudumu. Tazama unakokwenda. Gurudumu litafuata."

Wodi ile ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na watu waliolala na mifupa iliyovunjika hawana kazi nyingi. Haikupita wiki, kila mmoja alikuwa na rai yake. Simeon, dereva wa lori aliyevunjika mkono na bega, alishikilia kuwa mwanafunzi huanza na breki. "Mtu asiyejua kusimama hana haja ya kujua kwenda," alisema. Mzee Lewa, aliyekuwa kitanda cha dirishani, alimpinga kwa heshima zote. Alisema aliwahi kuwa mtu wa tatu kumiliki baiskeli katika lokesheni yake, na kwamba breki humtia mtu woga. Mwanafunzi apewe mteremko, basi.

Nyevu alifuata rai ya mzee Lewa siku moja, akaingia kwenye ua wa mwalimu mkuu na kuvunja miche sita ya mipapai. Alipoleta habari hiyo, wodi nzima ilicheka mpaka Kenga akashika paja kwa maumivu, na sista Nyaboke akaja kutaka kujua nani anawaua wagonjwa wake. Alipoelezwa, alisimama kidogo mlangoni na sinia ya dawa.

"Mnamfundisha mambo ya bure," akasema. "Mmoja wenu amewahi kupanda baiskeli akiwa amevaa gauni?"

Wanaume wakatazamana.

Hapo ndipo penye shida. Baiskeli ya Kenga ilikuwa na bomba la juu, lile linalotoka kwenye kiti hadi kwenye usukani, na mwanamume hulivuka kwa kutupa mguu nyuma. Nyevu, akiwa na gauni na kanga, hakuweza kutupa mguu. Alijaribu kupitisha mguu chini ya bomba kama wafanyavyo watoto, akaenda upande upande kama kaa. Alijaribu kufunga kanga katikati ya miguu, na mavyaa wake, aliyekuwa akipepeta mahindi uani, akamwita.

"Mwanangu, mimi sikulaumu kwa kwenda kumwona mumeo. Lakini mwanamke aliyekaa juu ya chuma na mapaja wazi, watu watasema nini? Watasema mwanangu yuko hospitali na mkewe amekuwa mwanamume."

"Shikamoo, mama," Nyevu akasema, maana hakuwa amemwamkia siku ile.

"Marahaba. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

Alisikia, na kwa siku mbili hakuigusa baiskeli. Siku ya tatu, akitoka hospitali, alipitia kwa Njoroge, fundi wa baiskeli aliyekuwa na kibanda nyuma ya soko la Malindi. Alimuuliza kama lile bomba la juu linaweza kukatwa na kuchomelewa upya chini, mshazari, kama baiskeli ya mwalimu wa kike wa misheni aliyoiona zamani.

"Linaweza," Njoroge akasema akifuta mikono. "Lakini mwenye baiskeli ni nani?"

"Mume wangu. Yuko wodini."

"Mama, nisikudanganye. Nikikata baiskeli ya mtu bila yeye kusema, nitakatwa mimi. Nataka kusikia kwa mdomo wake."

Akafunga kibanda, akafuatana naye hospitali saa ya kuona wagonjwa, na mkasi wa kukatia mipira bado uko mfukoni. Alimwamkia Kenga, akavuta kiti, akamwambia ombi la mkewe mbele ya wodi nzima.

Simeon alisema, "Kenga, hiyo itakuwa baiskeli ya kike. Hutaiuza kwa mtu."

Mzee Lewa alitikisa kichwa, na hilo lilikuwa zito zaidi.

Kenga aliitazama dari. Baiskeli ile aliinunua kwa kukwea minazi miaka miwili bila kuvaa shati jipya. Watu wa Kakuyuni waliitambua kwa mbali. Akiwa juu yake hakuwa mkwezi. Alikuwa Kenga wa Thoya, mwenye baiskeli. Nyevu aliyajua hayo yote. Hakumhimiza.

"Nipe mpaka kesho," Kenga akamwambia Njoroge.

"Kesho nitakuwa kibandani," Njoroge akasema, akaondoka.

Nyevu alirudi nyumbani siku ile. Alijiona amekosa. Mtu amelala na mguu umefungwa kamba, naye anakwenda kumwomba amkatie kitu kimoja alichobakiwa nacho. Alikata shauri kwamba asubuhi atamwambia yaishe, atatembea, miezi si mingi.

Lakini asubuhi alipofika, Kenga hakumpa nafasi ya kuweka kikapu chini. "Mwambie akate. Na mwambie bomba jipya lisiwe jembamba, maana utabeba mzigo."

"Baba Thoya, nilikuwa nataka kusema—"

"Najua ulichotaka kusema. Nimekaa hapa mwezi mzima nikihesabu saa. Sista anasema saa nne, wewe hujafika. Anasema saa tano, hujafika. Mimi nilikuwa nikifika mjini kabla jasho halijanitoka. Mwambie akate."

Kesho yake Nyevu aliikokota baiskeli mpaka kibandani, na Njoroge akakata. Bomba jipya alilishusha mshazari mpaka karibu na pedali, akalipaka rangi nyeusi, ingawa nyeusi yake na nyeusi ya zamani hazikufanana. Nyevu aliikokota kurudi Kakuyuni, na jioni ile ile uwanjani, gauni lake limetulia na kanga iko kiunoni, alikwenda kutoka goli moja hadi la pili bila kuanguka. Hakupiga kelele. Alishuka, akaigeuza baiskeli, akaenda tena, mpaka giza likaanza kuingia na wanawake wawili waliokuwa wakitoka kisimani wakaweka ndoo chini wamtazame.

Jumatatu iliyofuata, kwa mara ya kwanza, alikwenda mjini kwa baiskeli, akafika wodini saa mbili na robo. Chai ya wagonjwa ilikuwa bado ya moto. Simeon alimuuliza mara tatu kama alitumia breki mteremkoni, na mzee Lewa akamtaka aeleze njia yote, mahali hadi mahali, akafumba macho akisikiliza.

Huko barabarani hakukosa maneno. Pale Ganda vijana walimwita bwana Nyevu. Mzee mmoja wa kanisa alikuja nyumbani kumwonya, akakaa, akanywa chai, akazungumzia mvua, akaaga bila kumwonya. Dzombo aliacha kusalimia. Lakini nyanya zilifika sokoni hazijapondeka, na Nyevu aliweza kuwa nyumbani kabla ya saa saba, akapumzika kidogo kivulini, jambo ambalo hakuwa amelifanya tangu kuolewa.

Wiki ya saba, siku ya Ijumaa asubuhi, alipokuwa akifunga kikapu kwenye keria, mavyaa wake alitoka nyumbani kwake. Alikuwa amevaa hando lake jeupe, sketi ya marinda ya kwendea matangani, na kanga mpya mabegani. Alikuwa mzee, hatembei zaidi ya hadi kisimani, na ngazi za basi zilimshinda. Tangu mwanawe aanguke hakuwa amemwona.

Alisimama akaitazama baiskeli kama mtu anayemtazama mbuzi asiyemwamini.

"Hicho kinabeba wawili?"

Nyevu alikifungua kikapu, akakiteremsha. "Kinabeba, mama."

"Na nyanya zako?"

"Nyanya zitakwenda kesho."

Alikunja gunia likawa mto, akalifunga kwenye keria, akamsaidia kukaa ubavu, akamwonyesha pa kushika. Bibi kizee alishika gauni la mkaza mwanawe kwa mikono miwili mpaka walipopita mashamba ya mikorosho. Penye vilima Nyevu alishuka akasukuma, naye akiwa amekaa juu, mgongo wima. Penye tambarare alipanda tena. Ilikuwa kazi nzito kuliko kikapu chochote alichowahi kubeba, na njia nzima alihofia kwamba atamwangusha mama wa mumewe mbele ya watu.

Walipofika Ganda, wale vijana walikuwa pale pale. Mmoja alifungua mdomo. Bibi kizee alimtazama.

"Wewe si mjukuu wa Mbeyu? Mwambie nyanyako nimepita, nakwenda kumwona mwanangu."

"Shikamoo, hawe," kijana akasema, kama anavyomwita nyanya yake.

"Marahaba. Na wenzako hawana midomo?"

Wote wakaamkia, mmoja baada ya mwingine. Nyevu akaendelea kukanyaga pedali, na nyuma yake akasikia mavyaa wake akiendelea kusalimia kila mtu waliyempita, kwa jina na kwa ukoo, kama mtu aliyeingia mjini baada ya miaka mingi.

Wodini Kenga alikuwa akinyolewa ndevu na Simeon kwa mkono mmoja. Aliinua uso akamwona mama yake mlangoni, ameshikwa mkono na Nyevu, hando limejaa vumbi jekundu. Wembe ukabaki hewani.

"Mama, umekujaje?"

"Nimeletwa," akasema, akakaa ukingoni mwa kitanda, akamshika mwanawe uso upande ulionyolewa na upande usionyolewa. Mzee Lewa aligeukia dirisha.

Kenga alitolewa mwezi wa Mei, na mguu wake wa kushoto ukawa mfupi kwa inchi nzima. Kukwea minazi kukaisha. Hilo lilimuuma, na kulikuwa na miezi ambayo alikaa kimya uani na hakutaka kuulizwa kitu. Kilichomtoa humo kilikuwa shamba. Aliongeza matuta ya nyanya, akapanda bamia na biringani, akajenga kitalu kwa makuti. Yeye akalima, Nyevu akapeleka. Mtu akimtania kwamba mkewe ndiye anayekwenda mjini, alijibu kuwa ana mguu mmoja na nusu, na mwenye miwili ndiye wa kwenda. Akizoeana na mtu zaidi, alimwambia kuwa hata angekuwa na mitatu, mama Thoya anajua barabara kuliko yeye.

Wale wanawake wawili wa kisimani walikuja kuomba kufundishwa. Mmoja alishindwa kwa sababu mumewe hakutaka baiskeli yake iguswe. Wa pili, Hannah, alijifunza kwa siku tisa, na Njoroge akakata bomba la pili. Dzombo alirudi kusalimia, ingawa ilichukua mpaka Krismasi.

Agosti mwaka uliofuata, baada ya mavuno, Nyevu alimwambia mumewe kuwa anataka kwenda Vitengeni. Huko ndiko alikozaliwa, na dada yake mkubwa, Jedida, alikuwa angali huko. Tangu aolewe alikuwa amekwenda mara tano: mara tatu kwa misiba, mara moja kwa mahari ya binamu, mara moja kumpeleka mtoto mgonjwa kwa mganga.

"Kuna nini?" Kenga akauliza.

"Hakuna kitu. Nataka kumwona."

Kenga alitia mafuta kwenye mnyororo na kubana breki. Nyevu aliondoka jua likiwa limeshatoka, kichwani hana kitu, kwenye keria hana kitu. Njia ilikuwa ya mchanga, na mara nyingi alishuka akasukuma. Alipumzika alipotaka kupumzika. Penye dimbwi moja alikaa akawatazama ng'ombe wakinywa maji mpaka wote wakaondoka, na hakuna aliyekuwa akimngoja.

Jedida alimwona tangu mbali, akatoka mbio, mikono imejaa unga.

"Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa."

"Mtoto anaumwa?"

"Wazima wote. Nimekuja kukuona tu, dada."

Jedida alimtazama, akaitazama baiskeli, akaangalia nyuma yake njiani kama kwamba kuna mtu mwingine anayekuja. Hapakuwa na mtu. Basi akamshika mkono akamwingiza ndani, akaongeza maji kwenye sufuria ya ugali.